Nyuzi Zinazolala Upande Mmoja

Kule chini ya jengo la sayansi, chumba cha mwisho kabla ya stoo ya viti vibovu, kulikuwa na sumaku ambayo wafanyakazi wote waliiita Baba Mkwe. Hawakuiita hivyo kwa mapenzi. Waliiita hivyo kwa sababu ukienda kwake unavua saa, unavua mkanda, unatoa simu na sarafu mfukoni, unaingia mikono mitupu, unafanya mambo taratibu, na ukimaliza shughuli yako unaondoka. Waliosahau adabu hizo walijuta. Karani mmoja wa ghorofa ya pili aliwahi kuingia na mkasi mfukoni, na mkasi ukamtangulia.

Aliyeihudumia sumaku hiyo alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye karatasi za chuo zilimtaja kama fundi wa maabara daraja la pili. Ukimuuliza wa daraja la kwanza wako wapi, atakuambia wamestaafu wote na hakuna aliyekumbuka kumpandisha yeye. Kazini walimwita Fundi. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Mama Mkubwa, na huyo alishakatazwa kumwita hivyo saa za kazi, asisikie.

Huyo mmoja ni Chiriku. Jina lake la shule lilikuwa refu na la heshima, lakini nyumbani aliitwa Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa sababu tangu siku hiyo hakunyamaza. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Mkubwa. Mdogo mtu alifariki kwenye ajali ya gari, mtoto akatoka hai, ana miaka sita, mguu wa kushoto umevunjika mahali patatu. Mama Mkubwa alimtoa wodini akiwa na kipande cha chuma na skrubu nne mguuni, akampeleka kwake, na huo ukawa mwisho wa habari za yeye kuolewa tena. Hakulalamika juu ya hilo. Alilitaja tu, kama mara mbili kwa wiki.

Sasa Chiriku alikuwa mtu mzima na anasomea udaktari, si ule wa sindano na vidonge, ule wa vitabu. Alichokuwa akikitafuta ni hiki. Kuna molekuli fulani ndogo, ukizitia kwenye maji ya moto zinaelea. Maji yakianza kupoa zinashikana zenyewe kwa zenyewe, bila kuamriwa na mtu, zinakuwa nyuzi, na nyuzi zinafanya jeli laini. Shida ni kwamba nyuzi hizo hulala ovyo, hii huku, ile kule. Zikilala upande mmoja, kuna matumaini kwamba siku moja mshipa wa fahamu uliokatika utazifuata, utakua na kuungana tena, na mtu atavitumia vidole vyake. Zikilala ovyo, ulichonacho ni kamasi. Tasnifu ya Chiriku ilidai kwamba ukiipoza jeli ile ndani ya sumaku kali, sumaku ndiyo inayozipanga nyuzi. Hiyo ilikuwa sura ya nne, kurasa tisini na mbili, pamoja na picha.

Na picha zilikuwa nzuri, nani abishe? Unachukua mrija mwembamba wa kioo wenye jeli, unauweka katikati ya karatasi mbili nyeusi za plastiki zinazochuja mwanga. Nyuzi zikiwa zimelala ovyo unaona kijivu, uzungushe mrija usizungushe. Zikiwa zimelala upande mmoja, mrija unawaka. Ukiuzungusha kidogo unazima, ukiuzungusha tena unawaka. Mirija iliyotoka kwa Baba Mkwe iliwaka. Mirija ya kulinganishia, iliyopozwa mbali na sumaku, ilibaki kijivu. Miaka minne, mamia ya mirija, na hakuna hata mmoja uliokwenda kinyume. Profesa, msimamizi wa Chiriku, alikuwa ameshaitolea hotuba habari hiyo katika miji mitatu, na kote alipigiwa makofi.

Hebu sikiliza utaratibu wao, maana ndio uliowaponza. Hatua tano kutoka kwenye sumaku palikuwa na mstari wa njano sakafuni. Mwenye chuma mwilini haruhusiwi kuuvuka. Skrubu za Chiriku zilitiwa zamani, karatasi zake zilipotea, na hakuna daktari aliyekuwa tayari kula kiapo kwamba ni chuma cha aina gani. Kwa hiyo Chiriku hakuwahi kuuvuka mstari ule hata siku moja. Na jeli yenyewe, ukishaitoa kwenye maji ya moto, inaganda ndani ya dakika. Mirija ya sumaku ikabidi ijazwe palepale ubavuni mwa sumaku, na mjazaji akawa Mama Mkubwa. Mirija ya kulinganishia Chiriku aliijaza mwenyewe, mezani kwake, upande wa huku wa mstari. Kila mtu na upande wake, kazi inakwenda. Hakuna aliyeona kasoro, si wao, si Profesa, si wale wapiga makofi.

Siku kumi na moja kabla ya Chiriku kwenda kuitetea tasnifu yake mbele ya watahini, Mama Mkubwa aliamka na mafua. Si mafua ya kulala kitandani, ni yale ya kuziba masikio. Akaenda kazini, kwa sababu hajawahi kukosa kazi, na alipenda watu wajue kwamba hajawahi. Chiriku alitaka mirija mitatu mipya ya kwenda kuwaonyesha watahini. Mama Mkubwa akavua saa, akaacha simu mezani, akavuka mstari, akasoma namba kwenye kioo cha mitambo: nguvu kamili, kama kawaida. Akajaza mirija, akaisimamisha ndani ya sumaku, akangoja robo saa huku akipenga kamasi.

Alipoinama kuitoa ndipo alipogundua kwamba ana funguo mfukoni mwa koti lake jeupe. Funguo sita za nyumbani, zimetungwa kwenye pete ya chuma. Kwa Baba Mkwe anayemjua yeye, funguo zile zingekuwa zimeshalichana koti. Zilikuwa zimelala mfukoni, hazina habari.

Akazitoa. Akazisogeza kwenye sumaku, mkono umenyooka, mwili wote umebaki nyuma. Hakuna kitu. Akazigonga juu ya sumaku yenyewe, ko ko ko. Hakuna kitu. Akashika bomba la maji ya kuipoza, likawa baridi tupu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba pampu haingurumi, na kwamba ukimya aliokuwa nao tangu asubuhi haukuwa wa masikio yake peke yake.

Fundi umeme akaingia na ngazi begani. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeizima sumaku?"

"Tangu jana jioni. Pampu inavuja. Niliacha karatasi pale mlangoni."

Karatasi ilikuwa imeanguka nyuma ya ndoo ya kupigia deki. Mama Mkubwa akaiokota, akaisoma yote, hata sahihi. "Na namba hizi kwenye kioo?"

"Hicho kioo kina umeme wake," fundi umeme akasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kwamba hilo linaulizwa. "Kinaonyesha ulichoagiza. Hakionyeshi kilichopo."

Mama Mkubwa akamshukuru Mungu kwamba hasara ni ya mirija mitatu tu. Akaichukua kwenda kuitupa. Kwa mazoea, na si kwa kitu kingine, kabla ya kuitupa akaipitisha kwenye zile karatasi nyeusi za plastiki.

Yote mitatu ikawaka.

Toba! Akakaa juu ya ndoo. Mama Mkubwa hakusoma mbali, lakini hakuwa mjinga, na miaka ishirini ndani ya maabara si miaka ya kufagia tu. Akasubiri Chiriku atoke kwenda kuchapisha karatasi zake. Akaenda kwenye meza ya Chiriku, upande wa huku wa mstari, akajaza mirija mingine mitatu, akaiacha ipoe palepale, mbali kabisa na sumaku. Nayo ikawaka.

Basi akautazama mkono wake. Kabla ya kuajiriwa pale kuosha vyombo vya kioo, Mama Mkubwa alifanya kazi miaka minane kwenye duka la mikate, akiandika maneno juu ya keki. Kazi ile ina siri moja tu: unasukuma krimu kwa kidole gumba, taratibu, pumzi moja, hukazi wala hulegezi mpaka neno liishe. Hivyo ndivyo alivyojaza kila mrija tangu siku ya kwanza, kwa bomba la sindano, pumzi moja. Nyuzi changa zikipita kwenye sindano nyembamba ya plastiki kwa mwendo wa namna hiyo, hujinyoosha zikaufuata mkondo, na zikiganda zinaganda zimenyooka. Chiriku yeye alikuwa na haraka zake. Alitumia kile kipampu cha kubonyeza, ta-ta-ta, mrija umejaa, na mdomo unaendelea na hadithi.

Kwa hiyo miaka minne yote ile, kilichokuwa kikizipanga molekuli si sumaku ya tani mbili. Kilikuwa kidole gumba cha mama mwenye mafua.

Alikaa kimya siku tatu. Usimcheke. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea Chiriku muda mara mbili, na barua ya mwisho ilisema bila kuzunguka: asipofaulu safari hii, jina linafutwa. Kazi ya miaka sita ya mtoto yule ilikuwa imesimama juu ya sura ya nne, na sura ya nne ilikuwa imesimama hewani, na duniani kote mwenye kujua hilo alikuwa mtu mmoja. Ijumaa akaosha mapazia. Jumamosi akayaosha tena, yakiwa safi.

"Mama Mkubwa, unaumwa?" Chiriku akauliza.

"Mafua."

Jumapili asubuhi, baada ya chai, Chiriku alisimama sebuleni mbele ya kabati la vyombo kufanya mazoezi ya hotuba yake. Mama Mkubwa alikaa kwenye kochi na kikombe mkononi. Neno sumaku lilitajwa mara arobaini na sita, alizihesabu. Akasema moyoni, haya, ataisema hivyo hivyo, watampa, yataisha. Kisha Chiriku akafika kwenye shukrani. Akamshukuru Profesa kwa maono yake. Akakishukuru chuo. "Mwisho," akasema, "namshukuru fundi wa maabara kwa kujaza mirija."

"Rudia hapo," Mama Mkubwa akasema.

"Wapi? Nimekosea?"

"Hapo pa kujaza mirija."

"Namshukuru fundi wa maabara kwa kujaza mirija. Nimeogopa kusema mama yangu mkubwa, watasema ni undugu."

"Ndiyo hiyo," Mama Mkubwa akasema. "Ndiyo kazi yote. Hakuna nyingine." Akaweka kikombe chini, akamwambia. Akaanza na funguo, akamalizia na keki.

Chiriku akanyamaza. Mama Mkubwa hakuwa amewahi kumsikia akinyamaza, hata wodini hakunyamaza, na roho ilimuuma kuliko kama angepiga yowe.

"Umejua lini?" Chiriku akauliza hatimaye.

"Alhamisi."

"Leo Jumapili."

"Najua leo Jumapili."

"Siku tatu, Mama Mkubwa! Siku tatu umekaa na kitu kama hicho, unaniangalia nabwabwaja mbele ya kabati!"

"Nilikuwa naosha mapazia."

Chiriku alimkasirikia hasira ya kweli. Hakula mchana. Alasiri akatoka chumbani na karatasi aliyoichora visanduku vinne: mkono wa Mama Mkubwa na sumaku, mkono wa Mama Mkubwa bila sumaku, mkono wa Chiriku na sumaku, mkono wa Chiriku bila sumaku. Kisanduku cha tatu kilikuwa kitupu. Miaka minne hakijawahi kujazwa, kwa sababu mkono wa Chiriku haukuwahi kuufikia upande ule.

Jumatatu pampu ikawa imetengenezwa. Wakachukua chupa ya chai ya plastiki kutoka nyumbani, wakatia maji ya moto. Chiriku akajaza mirija mezani kwake kwa ule mkono wake wa ta-ta-ta, wakaitumbukiza ndani ya chupa isigande, Mama Mkubwa akakimbia nayo kuvuka mstari na kuiingiza kwenye sumaku. Na mirija ya Mama Mkubwa wakaipitisha kwenye chupa ileile, kusiwe na maneno. Walifanya hivyo siku nzima. Mkono wa Chiriku, sumaku imewashwa, kijivu. Mkono wa Mama Mkubwa, sumaku imezimwa, inawaka. Mirija thelathini na sita, haikubakiza pa kujifichia.

Profesa akaitwa. Akaizungusha mirija mmoja mmoja mbele ya dirisha, akarudia, kisha akavua miwani.

"Mnajua nililia kwa ajili ya sumaku hii?" akasema. "Mbele ya kamati ya fedha, ili inunuliwe."

"Tunajua, Profesa."

"Watu wazima wanane, na mimi nalia." Akaisafisha miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kuahirisha huwezi, muda huna. Tasnifu wanayo tayari. Jumatatu ijayo utaingia mle, ama usome kilichoandikwa, ama useme kilichotokea. Mimi nitakaa pembeni, na sitakohoa."

Jioni wakiwa jikoni, Mama Mkubwa alisema bila kugeuka kutoka kwenye sinki, "Soma kilichoandikwa."

"Mama Mkubwa!"

"Mimi nilikuwa na mafua. Sikuona vizuri. Pata karatasi yako kwanza, mambo ya vidole gumba utayasema ukishakuwa mkubwa."

"Siku moja mtu atawekewa jeli hii kwenye mkono uliokatika," Chiriku akasema. "Watamwingiza kwenye sumaku, wataiwasha, na haitafanya kitu. Ataondoka na mkono uleule."

"Siku hiyo mimi nimeshakufa."

"Mimi sijafa."

Mama Mkubwa akaosha sahani ileile mara ya pili. Alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa mikono ilikuwa na sabuni hakufanya lolote.

Siku ikafika. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, viti arobaini, watu kumi na mmoja. Mtahini wa ndani ya chuo alikuwa bwana mwembamba aliyebandika vikaratasi vya rangi karibu kila ukurasa wa tasnifu. Mtahini wa kutoka nje alikuwa bibi mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na akizungumza unamaliza kikombe cha chai kabla hajamaliza sentensi. Profesa alikaa pembeni. Mama Mkubwa alijibana safu ya nyuma, karibu na dirisha, mkoba mapajani.

Chiriku akasimama. "Kabla sijaanza," akasema, "sura ya nne si kweli."

Mtahini wa ndani akavitazama vikaratasi vyake. "Yote?"

"Picha ni za kweli. Namba ni za kweli. Sababu ndiyo si ya kweli."

Akaeleza yote, mstari wa njano, skrubu, funguo, chupa ya chai. Hakumtaja mtu kwa ubaya isipokuwa yeye mwenyewe. Akaipitisha ile mirija thelathini na sita mezani. Profesa hakukohoa.

"Mirija hii ya kijivu umeijaza wewe," mtahini wa ndani akasema. "Anayetaka jeli ivurugike hashindwi kuivuruga. Mwaka jana ulitaka sumaku ifanye kazi, ikafanya. Leo unataka isifanye, haifanyi. Sasa tukuamini siku ipi, binti?"

Chiriku akafungua mdomo, ukakosa neno. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na Mama Mkubwa aliihesabu.

"Mkono wenyewe uko wapi?" mtahini wa nje akauliza.

"Safu ya nyuma," Chiriku akasema. "Karibu na dirisha."

Watu wote wakageuka. Mama Mkubwa akainua mkoba kidogo, lakini mkoba haukutosha kumficha mtu.

Wakashuka chini, watu kumi na mmoja kwenye ngazi moja. Wakavua saa, wakavua mikanda, mtahini wa ndani akabaki ameshika suruali. Fundi umeme akaiwasha sumaku. Mtahini wa nje hakutaka kuambiwa habari za kioo cha namba. Alifunga kibanio cha karatasi kwenye uzi, akausogeza mbele, na kibanio kikaruka na uzi ukalala hewani, umenyooka. "Ipo," akasema. "Nguvu kamili. Mama, tujazie mrija mmoja. Baadaye tutaizima, utujazie mwingine."

Mama Mkubwa alilielewa hivi: miwili ikiwaka, mtoto amepita. Mmoja ukigoma, jina linafutwa. Hakuna aliyemwambia tofauti na hivyo, na hakuuliza.

Akavuka mstari. Akavuta jeli ya moto kwenye bomba la sindano kama alivyoivuta mamia ya mara. Akageuka kidogo, akamwona Chiriku amesimama nyuma ya mstari, uzito wote kwenye mguu wa kulia, anauma mdomo. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa na miaka sita. Mkono wa Mama Mkubwa ukaanza kutetemeka.

Akaushika kwa ule mwingine, ukatetemeka nao. Akasema kimoyomoyo, ni keki tu, ni keki ya mtu, andika. Kidole kikasukuma, kikasita, kikasukuma, kikaruka. Jeli ikaingia kwenye mrija kwa vishindo, na ikawa imeshaganda, huwezi kuirudisha. Akausimamisha ndani ya sumaku kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wakangoja robo saa. Pampu ilinguruma. Mtahini wa nje akautoa mrija kwa mkono wake mwenyewe, akauweka kati ya karatasi nyeusi, akauinua kwenye taa.

Kijivu. Akauzungusha. Kijivu. Akauzungusha tena, mzunguko mzima, akampa mtahini wa ndani, naye akauzungusha. Kijivu tupu, kuanzia chini hadi juu.

"Nipeni mwingine," Mama Mkubwa akasema. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni na hakuyajali. "Huo si wangu. Ninaweza, haki ya Mungu ninaweza, miaka minne sijakosa hata mmoja, waulizeni. Nipeni mwingine."

"Hatuhitaji mwingine," mtahini wa nje akasema.

"Mnamfukuza mtoto kwa ajili ya mkono wangu! Mtoto hana kosa! Nifukuzeni mimi!"

"Ngoja, mama." Bibi yule akamgeukia mwenzake. "Sumaku ilikuwa imewashwa?"

"Umeona mwenyewe. Nguvu kamili," mtahini wa ndani akasema.

"Na huyu mama, unadhani ameivuruga makusudi?"

Mtahini wa ndani akamtazama Mama Mkubwa, kamasi, machozi, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Akaukaza mkono kwenye suruali yake. "Hapana," akasema. "Uso huu hauigizwi."

"Basi sumaku imefanya kazi robo saa nzima na haikupanga hata uzi mmoja. Kilichobadilika leo ni mkono peke yake." Akageuka kuelekea mstari wa njano. "Binti, sura ya nne utaiandika upya, tunakupa miezi mitatu. Shahada ni yako. Huu ndio mrija bora kuliko yote uliyotuletea."

Chiriku alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanaruka, haijulikani kama ni kicheko au kilio. Mama Mkubwa hakuwa amesikia lolote baada ya neno mkono. Bado alikuwa ameshika bomba la sindano tupu, anatafuta mtu wa kumpa jeli.

Mtahini wa nje akateremsha miwani ya kichwani, akafungua daftari lake. "Mama, kitu kimoja cha kuandika. Mkono huu huwa unatetemeka?"

"Haujawahi. Tangu nizaliwe haujawahi."

"Leo kwa nini umetetemeka?"

Mama Mkubwa akamtazama bibi yule, akamwona msomi mzima hajui kitu.

"Kwa sababu ni mwanangu," akasema.

Mtahini wa nje akaliandika hilo neno kwa neno, akatia tarehe, akaweka sahihi.